Fuata Faili: Mwongozo wa kuchunguza wanavyopotea waliofungwa kwa makosa ya ngono

Mwaka 1996, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, Gregory Dow alikiri shtaka la shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono. Alipewa probesheni ya miaka 2 na kuamriwa ajisajili kama mkosaji wa ngono kwa miaka 10. Mwaka 2008 alifika Boito, kaunti ya Bomet, akafungua makao ya watoto. Alitoroka Kenya 2017 mambo yalipoanza kujulikana. Juni 2020 alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania kwamba aliwadhulumu wasichana waliokuwa chini ya ulinzi wake Boito, wawili kati yao wakiwa wadogo wa miaka 11, na Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi 8. Zipange tarehe hizo kwenye mstari mmoja uone zinavyosemezana. Hukumu ya 1996 haikuwa siri ya mtu. Iliandikwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa kwenye sajili. Miaka 10 ya sajili ikaisha, mwenyewe akapanda ndege, na karatasi ile haikusafiri naye.

Hoja ya mwongozo huu ni kwamba katika habari za aina hii karatasi ndiyo hupotea kwanza, na mtu hupotea baadaye. Kwa hiyo wewe unayetaka kuchunguza, uwe ripota wa redio ya mtaa hapa Nakuru, mwandishi wa kujitegemea Naivasha au mjumbe wa bodi ya shule kule Molo, kazi yako ni kulifuata faili kutoka meza hadi meza mpaka ujue lilikwama wapi na mikononi mwa nani. Kishawishi cha kufanya kinyume ni kikubwa. Unasikia fulani ametoka gerezani na amepanga chumba mtaa wa Rhonda, unachukua kamera, unaenda kumbishia hodi. Picha utapata, na wasikilizaji utawapata. Lakini hutakuwa umejua kama mahakama iliamuru asimamiwe, kama gereza lilimjulisha yeyote, wala kama afisa wa probesheni aliwahi kuliona jina lake. Utakuwa umemhamisha tu kutoka Rhonda hadi mji mwingine ambako hakuna anayemjua, na huko ndiko hatari iliko. Na kama umekosea mtu, kwa sababu majina ya watu hufanana na umati hausubiri ushahidi, basi damu yake itakuwa juu ya taarifa yako. Hilo pekee lingetosha kumzuia mhariri yeyote makini, lakini kuna sababu nyingine ya kikazi: mtu mmoja aliyepatikana Rhonda ni kisa, ilhali faili 40 zilizokosa amri moja ileile ni habari.

Anza na sheria, maana ndiyo itakayokuambia ni karatasi zipi zilipaswa kuwepo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, inajulikana zaidi kwa ukali wake: kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ni wa 12 hadi 15, kisichopungua 15 ikiwa ni wa 16 hadi 18. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Wewe nenda hadi kifungu cha 39. Kinaipa mahakama uwezo wa kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa ngono ikiwa amepatikana na hatia zaidi ya mara moja, au kosa liliambatana na nguvu au vitisho, au aliyedhulumiwa ni mtoto. Aliyetangazwa hivyo akifungwa bila nafasi ya kulipa faini, mahakama inatakiwa kuamuru, kama sehemu ya adhabu yenyewe, kwamba akiachiliwa kabla ya muda kwisha awe chini ya usimamizi kwa kipindi chote kilichobaki. Kifungu hichohicho kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze sajili ya waliopatikana na hatia, inayoweza kukaguliwa na mtu mwenye sababu ya kuridhisha, na kinafanya kuwa kosa kwa mtu mwenye hukumu kama hiyo kushika kazi ya kutunza watoto bila kuifichua. Kifungu cha 36 nacho kinataka sampuli ya DNA ya aliyepatikana na hatia ihifadhiwe kwenye hazina ya data ya wakosaji hatari. Hizo ni karatasi nne: tamko, amri ya usimamizi, ingizo kwenye sajili, na stakabadhi ya sampuli. Kila faili utakalolifungua, uliza zote nne.

Hapo pana pengo ambalo wanahabari wengi hulipita. Mahakama ina hiari ya kumtangaza mtu kuwa hatari. Amri ya usimamizi hufuata tamko hilo. Ikiwa upande wa mashtaka haukuomba, na hakimu mwenye kesi 30 kwenye orodha ya siku hakukumbuka, mnyororo mzima haukuanza, na hakuna afisa hata mmoja unayeweza kusema amevunja sheria. Usiandike basi kwamba "serikali ilimpoteza" mtu ambaye hakuna aliyeagizwa amtazame. Andika kwamba agizo halikutolewa, kisha umuulize kiongozi wa mashtaka wa eneo hilo ni mara ngapi ofisi yake huomba tamko hilo wakati wa hukumu. Swali hilo ni dogo na linajibika kwa nambari, tena linauma kuliko lawama za jumla.

Kisha fanya hesabu ya tarehe. Sheria ya Magereza inamruhusu mfungwa mwenye nidhamu na bidii kupunguziwa theluthi moja ya kifungo, isipokuwa wa maisha na wachache wengine. Aliyepewa miaka 15 mwaka 2008 anaweza kuwa alitoka 2018. Aliyepewa 20 mwaka huohuo alikaribia lango kati ya katikati ya 2021 na mapema 2022. Wa kwanza alibakisha miaka 5 nje, wa pili zaidi ya 6, na kwa wote wawili hicho ndicho kipindi cha kusimamiwa kama amri ilikuwepo. Maana yake, kizazi cha kwanza cha wafungwa wa sheria ya 2006 kimesharudi nyumbani, na kila mwaka kinafuatwa na kingine. Juu ya hayo kuna misukosuko ya mahakama zenyewe. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kuifanya adhabu ya kifo kuwa ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba, na mahakama nyingine zikaanza kutumia mantiki hiyo kupunguza vifungo vya unajisi. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu, lakini Mei 2022 Jaji Odunga huko Machakos akaamua kwamba hakimu asifungwe mikono na viwango vya chini katika makosa ya ngono. Julai 2024, katika kesi ya Joshua Gichuki Mwangi, Mahakama ya Juu ikarudisha kifungo cha miaka 20 na kusema viwango hivyo ni halali. Katikati ya tarehe hizo wapo waliopunguziwa miaka. Kila aliyepunguziwa alibadilishiwa siku ya kutoka, na hapo ndipo unapouliza: nani alijulishwa tarehe mpya? Familia ya mtoto ilijua? Afisa wa probesheni je?

Mahali pa kuanzia hapahitaji nauli. Tovuti ya Kenya Law huchapisha bure hukumu za Mahakama Kuu, na rufaa za unajisi kutoka Nakuru, Naivasha, Nyahururu na Kabarnet zimo kwa wingi. Fungua moja usome kama mkaguzi wa hesabu. Aya ya kwanza itakuambia mrufani alishtakiwa chini ya kifungu cha 8(1) kikisomwa pamoja na 8(2), 8(3) au 8(4), na hapo unaujua umri wa mtoto na kiwango cha adhabu. Mstari wa juu au aya ya pili itakupa nambari ya kesi ya mahakama ya chini, ambayo kwa miaka ya karibuni huwa na herufi S.O. za makosa ya ngono na E mbele ya nambari kwa yaliyosajiliwa kielektroniki. Ushahidi wa mtoto ulio katikati uruke, hauuhitaji kwa kazi hii, na kuusoma mara 40 kutakuumiza bila kumsaidia mtu. Nenda ukurasa wa mwisho. Kama jaji amegusa adhabu, hapo ndipo utaona kama kuna lolote kuhusu usimamizi, na pia kama tarehe ya kuanza kifungo imebadilishwa ihesabiwe tangu siku ya kukamatwa. Weka yote kwenye jedwali: nambari ya kesi, mahakama, tarehe ya hukumu, kiwango, tarehe ya kutoka kwa makadirio yako, tamko lipo au halipo. Lakini usikimbie kutangaza matokeo. Ukimya wa hukumu ya rufaa hauthibitishi kwamba hakimu wa kwanza hakuamuru chochote. Unathibitisha tu kwamba unalazimika kwenda kuliona faili la kwanza.

Kwa hiyo nenda masijala. Karani wa masijala ndiye mtu muhimu kuliko wote katika uchunguzi huu na ndiye anayeheshimiwa kidogo kuliko wote. Ukimjia na orodha ya nambari za kesi iliyopangwa kwa mwaka, atakusaidia. Ukimjia na "nataka mafaili ya wabakaji", atakurudisha kwa msimamizi wa mahakama, na atakuwa sahihi. Andika barua kwa hakimu anayesimamia kituo, au kwa naibu msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, ueleze unataka kukagua sehemu gani ya faili: hukumu, adhabu, hati ya kumpeleka mfungwa gerezani, na barua zozote zilizofuata. Hati ya kifungo ndiyo karatasi inayoondoka na mfungwa kwenye lori. Amri ya usimamizi inaweza kuwa imesomwa kortini vizuri kabisa, lakini kama haikunakiliwa kwenye hati hiyo, askari wa gereza ataijuaje? Linganisha hati na hukumu neno kwa neno. Hii ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu haijafanywa na wengi.

Takwimu ziombe kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuuliza ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu, na ofisi ina siku 21 za kujibu, ambazo inaweza kuziongeza mara moja tu kwa siku zisizozidi 14. Ikinyamaza au kukataa, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman ndani ya siku 30. Kosa la kawaida ni kuomba majina. Ukiomba majina utajibiwa kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na faragha, na mazungumzo yatakufa hapo. Omba nambari. Kwa Msajili: ni watu wangapi waliopatikana na hatia katika mahakama za kaunti ya Nakuru walioingizwa kwenye sajili ya kifungu cha 39, mwaka baada ya mwaka tangu 2006? Ni maombi mangapi ya kuikagua yamepokelewa, na mangapi yamekubaliwa? Kwa Huduma ya Probesheni: ni amri ngapi za usimamizi wa muda mrefu zilizo hai katika kaunti hii leo, na zinasimamiwa na maafisa wangapi? Kwa Idara ya Magereza: ni wafungwa wangapi wa makosa ya ngono walioachiliwa kutoka Gereza Kuu la Nakuru na Gereza la Naivasha mwaka uliopita, na wangapi walitoka na barua kwa probesheni? Majibu matatu ukiyaweka ubavu kwa ubavu, tofauti ya nambari zake ndiyo habari yako. Mahakama ikisema imewaingiza wengi na probesheni ikasema inawasimamia wachache, huna haja ya kivumishi.

Usidhani jiografia itakusaidia. Mtu husomewa hukumu Molo, hukaa rumande Nakuru, hutumikia kifungo Naivasha, kisha hurudi kwao Marigat, Londiani au Lodwar. Hiyo ni miji minne katika kaunti mbili kwa mtu mmoja, na kila safari ni nafasi ya karatasi kubaki nyuma. Bonde la Ufa la kati limejaa watu wa kuja na kuondoka: vibarua wa mashamba ya maua Karagita, wa chai na pareto, madereva wa barabara kuu, wapangaji wa Free Area na Kaptembwa ambao hata mwenye ploti huwajua kwa jina moja tu. Chifu akikuambia kwamba mpango wa ulinzi wa jamii wa Nyumba Kumi unawajua wote, mshukuru, kisha muombe akuonyeshe barua ya mwisho aliyoipokea kutoka gerezani au probesheni kuhusu mtu anayerudi kwenye lokesheni yake. Akiwa nayo, andika tarehe yake. Akiwa hana, hilo nalo ni jibu la kuandikwa, bila kumdhihaki, kwa sababu huenda hakuna aliyewahi kumwandikia.

Shuleni kuna sajili nyingine kabisa, na mpasuko kati ya sajili hizi mbili unastahili uchunguzi wake wenyewe. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huondoa walimu kwenye rejista na kutangaza majina yao. Mwaka 2010 ilitoa waraka uliotaka dhuluma dhidi ya mwanafunzi iripotiwe katika muda wa saa 24. Lakini kufutwa na TSC si kuhukumiwa na mahakama, na kuhukumiwa na mahakama hakumfuti mtu TSC mpaka TSC ijulishwe. Kesi inayopaswa kuwa kwenye meza ya kila mwanahabari wa Nakuru ni Ombi Nambari 331 la 2011, la wanafunzi wawili wa Shule ya Msingi ya Jamhuri waliodhulumiwa na mwalimu wao mwaka 2010. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa fidia ya jumla ya KSh milioni 5, na hakumwachia mwalimu mzigo peke yake: TSC na Serikali pia ziliwajibishwa. Alisema wazi kwamba haitoshi kuwahamisha walimu wa aina hiyo kutoka shule hadi shule na hatimaye kuridhika kwa kuwafukuza, na kwamba lazima pawe na utaratibu wa kuhakikisha hawapati tena nafasi ya kuwafikia watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliuacha uamuzi huo usimame. Chukua basi orodha ya TSC na jedwali lako la hukumu, uvilinganishe. Utapata makundi mawili: aliyehukumiwa ambaye bado yumo kwenye rejista, na aliyefutwa ambaye hakuwahi kushtakiwa. La pili lina hila zaidi, kwa sababu mtu huyo ana cheti safi cha polisi. Anaweza kufundisha tyusheni, kuanzisha shule ndogo ya mtaani, au kuongoza kwaya ya watoto, na cheti chake cha maadili mema, ambacho mtu hukipata kwa ada baada ya kuchukuliwa alama za vidole, kitasema ukweli mtupu.

Cheti hicho pia hakina la kusema kuhusu yaliyotendeka Iowa au Devon. Gilgil inalijua hilo. Simon Harris, Mwingereza aliyekuwa akiongoza shirika la kuleta vijana wa kujitolea kufundisha katika shule za eneo hilo, alipatikana na hatia huko Birmingham Desemba 2014 ya kuwadhulumu wavulana wa mitaani wa Gilgil, na Februari 2015 akafungwa miaka 17 na miezi 4. Alikuwa pia amekiri kuwadhulumu wanafunzi katika shule ya bweni Devon miaka ya 1980, muda mrefu kabla ya Gilgil kumfahamu. Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, lakini yaliyokuwepo yaliendelea. Ukichunguza makao, muulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo swali la karatasi: kwa kila mgeni anayekaa au kujitolea hapa, kuna cheti cha rekodi ya jinai kutoka nchi alikotoka, cha tarehe gani? Uingereza, kwa mfano, hutoa cheti maalumu cha kimataifa cha ulinzi wa watoto kwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi na watoto ng'ambo. Makao yasiyojua kwamba cheti hicho kipo hayajawahi kukiomba.

Wapo watakaokupinga, na baadhi wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba waliohukumiwa ni sehemu ndogo mno ya tatizo. Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta asilimia 15.6 ya wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24 walidhulumiwa kingono kabla ya kufikisha 18, na wengi wa watendaji walikuwa watu wanaojulikana: jamaa, wapenzi, majirani. Kesi nyingi huishia kwenye kikao cha wazee na mbuzi mmoja, OB ya polisi haijaguswa wala fomu ya P3 haijajazwa. Ni kweli. Sajili kamilifu haitamgusa mjomba ambaye hajawahi kushtakiwa. Lakini aliyehukumiwa ndiye pekee ambaye dola limeshathibitisha kosa lake kwa kiwango cha juu kabisa cha ushahidi. Kama ofisi zetu haziwezi kupeana taarifa kuhusu huyo, ambaye zinaye mikononi kwa miaka 10, hakuna sababu ya kuamini kwamba zitamweza yule wa gizani. Sema hivyo katika habari yako, na useme pia mipaka yake, ili mzazi asilale akidhani hatari yote iko kwenye orodha.

Hoja ya pili ni kwamba mtu ameshalipa deni lake gerezani. Mtetezi wa haki za wafungwa akikuambia hivyo, msikilize mpaka mwisho. Aliyetoka bila kazi, bila makao na bila mtu wa kumuuliza anaendeleaje ni hatari zaidi kuliko aliye na afisa anayemfahamu kwa jina. Usimamizi wa kifungu cha 39 umekusudiwa kumrekebisha mtu pia, na kuchunguza kama ulifanyika ni kumtetea hata yeye. Hapo uchunguzi wa faili na haki za mfungwa huenda njia moja, ilhali uwindaji wa mtu huziendea kinyume.

Ya tatu hutoka kwa umma wenyewe: kwa nini usichapishe majina na picha, kila mzazi ajilinde? Marekani imefanya hivyo kwa miongo mitatu, na tafiti nyingi za huko hazikupata ushahidi thabiti kwamba kutangaza majina hupunguza kurudia makosa, huku nyingine zikionyesha kwamba wenye sajili hukosa kazi na nyumba na kutoweka machoni pa polisi. Kwetu kuna sababu iliyo karibu zaidi. Katika kesi nyingi mkosaji ni baba, baba wa kambo au binamu. Ukimtaja, umemtaja mtoto. Ndiyo sababu hukumu nyingi za kuzini na maharimu kwenye Kenya Law humwandika hata mshtakiwa kwa herufi za kwanza tu. Elburgon au Subukia, ukitaja kijiji, mwaka, darasa la mtoto na kazi ya mkosaji, hata bila jina lolote, kila mtu sokoni amejua ni nani. Kwa hiyo ondoa viwili kati ya hivyo, ikibidi vitatu. Usimtafute mtoto umhoji. Ikiwa aliyedhulumiwa sasa ni mtu mzima na anataka kusema, aje kupitia mshauri wake, ajue anaweza kujitoa hata asubuhi ya kuchapisha, na asiulizwe kuhusu kosa. Muulize tu aliambiwa nini mkosaji alipotoka, na nani alimwambia. Hilo ndilo analolijua ambalo faili halina.

Watakaosema ofisi hazina pesa wape nafasi, kisha waombe vitabu. Afisa wa probesheni mwenye mafaili mengi na asiye na nauli ya kufika Kuresoi ana malalamiko halali, na habari yako iyabebe. Lakini kuingiza jina kwenye sajili hakuhitaji gari. Kunakili amri kwenye hati ya kifungo ni kazi ya sekunde 30. Tenganisha kwenye maandishi yako kushindwa kunakotokana na ufukara na kushindwa kunakotokana na kutofuata utaratibu, maana ukivichanganya utampa kila mkubwa pa kujifichia.

Wakati wa kuandika, kuwa bahili wa madai. Kama umesoma mafaili 40 kutoka vituo vinne, sema 40 kutoka vituo vinne, useme uliyachaguaje na mangapi hukuyapata. Ukiona tamko la kifungu cha 39 katika matatu tu, usiandike kwamba Kenya haiwafuatilii wakosaji. Andika kwamba katika 37 hukuliona tamko, na kwamba uliwapelekea wahusika orodha ya nambari za kesi ukawapa siku 7 za kujibu. Wapelekee kweli, wote wanne: mahakama, mashtaka, magereza, probesheni. Mara nyingi mmoja atakutumia karatasi uliyoikosa, na habari itabadilika kabla ya kukuaibisha. Majina ya wafungwa yabaki kwenye jedwali lako lililofungwa kwa nywila, lisitumwe kwa WhatsApp hata kwa mhariri. Na barua ya pili ya kuomba takwimu hizohizo iandike siku ileile habari inapotoka, ili siku 21 zianze kuhesabiwa wakati wakubwa wa ofisi hizo bado wanaulizwa maswali.